Mbili-nne: maisha ya jino langu moja

Daktari wa meno haliiti jino kwa jina. Analiita kwa namba, na namba zenyewe hazianzii moja zikaishia thelathini na mbili. Kinywa kimegawanywa robo nne, kisha meno ya kila robo yanahesabiwa kutoka katikati kwenda nyuma. Mbili-nne maana yake robo ya pili, yaani juu kushoto, jino la nne. Siku ya kwanza nilipomsikia daktari akimwambia msaidizi wake "mbili-nne" huku akinichungulia, nilidhani wananikadiria umri. Nikafurahi, ingawa furaha yenyewe haikudumu.

Mbili-nne langu halipo tena. Naliandikia wasifu leo kwa sababu ya kijana mmoja kazini kwetu, msomaji wa habari za michezo, aliyeingia studio wiki iliyopita shavu limemjaa. Akaniambia ametibiwa mzizi wa gego na sasa "ameshamaliza". Nikamuuliza, na kofia? Akaniuliza, kofia gani?

Basi keti, mdogo wangu, na wengine mliopitia njia hiyo.

Mimi nasoma taarifa ya habari redioni hapa Nairobi, mwaka wa kumi na tano huu. Kinywa ndicho jembe langu, lakini kwa miaka mingi nilikitunza kama jembe la kuazima. Nilizaliwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, na meno yangu yana ile michirizi ya kahawia ambayo Mkenya yeyote akiiona anakuuliza, "Wewe wa Nakuru?" Ni floridi iliyomo kwenye maji ya Bonde la Ufa. Huliingia jino likiwa bado linaumbwa chini ya ufizi, utotoni, na likishaota limeota na rangi yake. Huwezi kuipiga mswaki ikatoka. Tutarudi kwenye michirizi hiyo.

Jino lilianza kwa kunasa nyama. Hiyo ilikuwa mwaka 2016. Kila nikila, uzi wa nyama unabaki palepale, juu kushoto, nami nauchokoa kwa kijiti. Kwenye kioo sikuona kitu. Nikaenda kliniki moja Ngara, orofa ya tatu, ngazi zinakumaliza pumzi kabla hujafika kwenye kiti, na daktari naye kwa kioo chake hakuona kitu. Picha ya eksirei ndiyo iliyosema: kivuli cheusi ubavuni mwa jino, pale linapogusana na jirani yake. Kuoza kwa aina hiyo hujificha. Jino juu ni zima, pembeni limeliwa.

Sindano ya ganzi ndiyo inayowatisha watu, kwa hiyo niiseme wazi. Kwanza ufizi unapakwa jeli tamutamu inayofisha ngozi. Halafu unahisi kubanwa, si kuchomwa. Kilichonishtua ni moyo: ghafla ukaanza kwenda mbio kama nimepanda zile ngazi tena. Daktari akaniambia nitulie, ni adrenalini. Huchanganywa na dawa ya ganzi ili ibane mishipa ya damu na dawa isichukuliwe haraka. Dakika mbili hivi, moyo ukarudi mahali pake. Natamani watu waambiwe hilo kabla, maana nimewasikia wengi wakidai wana mzio wa sindano ya meno, na ukiwauliza ilikuwaje wanakuelezea moyo huohuo.

Nikaulizwa nataka kuzibwa kwa ya fedha au nyeupe. Ile ya rangi ya fedha ni mchanganyiko wa madini, karibu nusu ya uzito wake zebaki. Ni ngumu na haisumbuliwi sana na mate. Nyeupe inafanana na jino, lakini ina madaha. Haitaki unyevu hata kidogo. Shavu linajazwa pamba, mfereji wa kunyonya mate unaning'inia mdomoni ukikoroma, jino linapakwa asidi ya rangi ya buluu, linaoshwa, linakaushwa, linapakwa gundi. Kisha dawa inawekwa kwa tabaka nyembambanyembamba, kila tabaka linamulikwa kwa taa ya buluu sekunde kadhaa mpaka ligande. Nilichagua nyeupe. 3,500. Dakika arobaini.

Mwishoni unawekewa karatasi ya rangi katikati ya meno, unaambiwa, "Uma. Saga. Uma tena." Wanatafuta pale palipozidi. Tatizo ni kwamba nusu ya uso wako haipo. Nikaulizwa, "Uko sawa?" nikasema sawa. Jioni ganzi ilipotoka nikagundua kila nikifunga mdomo, jino lile linagusa kwanza, peke yake, kama mtu aliyefika harusini kabla ya wenye harusi. Siku tatu linauma, na mimi navumilia, naogopa kusumbua. Niliporudi daktari alilisugua dakika mbili tu na hakunidai hata senti. Kwa hiyo likikugusa kwanza, rudi kesho yake. Usijifanye jasiri.

Kosa langu jingine siku hiyo lilikuwa kuzibwa saa nne asubuhi nikiwa na taarifa ya saa saba. Mdomo wa juu ulikuwa bado mzito. Jaribu kusema "Bunge" bila mdomo wa juu. Siku hiyo wananchi wa Kenya walipewa habari za Vunge, za Vajeti, na za msongamano kwenye Varavara ya Momvasa. Mhariri wangu hajasahau mpaka leo.

Jino likakaa miaka mitano.

Julai 2021 likaamka. Mwanzo ni chai ya moto tu. Halafu maji ya baridi, na maumivu hayapiti, yanakaa dakika nzima yakipwita. Halafu usiku. Nikilala yanapanda, nikikaa kitako yanapungua, kwa hiyo wiki nzima nililala nimeegemea ukuta kama mlinzi wa zamu. Daktari (yuleyule wa Ngara) alinieleza hivi: jino lililozibwa likishtuka kidogo kwa baridi kisha likatulia papo hapo, hilo la kawaida, lipe wiki mbili tatu. Likishika likakataa kuachia, au likikuamsha usiku bila kuguswa, kiini kinakufa. Kiini ni nyama laini yenye damu na mishipa ya fahamu, imefungiwa ndani ya chumba cha kuta ngumu. Sehemu nyingine ya mwili ikivimba inatanuka. Pale ndani hapana pa kutanukia. Ndiyo maana uchungu wake hauna adabu.

Nikampigia mama Nakuru nikamwambia wanataka kunifanyia ruti kanali, maana Nairobi wote tunaliita hivyo. Kimya kidogo kwenye simu. "Kanali wa jeshi gani?" Nikamwambia mama, wanasafisha mzizi wa jino. "Si waling'oe tu? Mimi yangu yote yaling'olewa na sijafa."

Nadhani hofu ya watu wengi kuhusu kutibu mzizi inatokana na maumivu waliyokwenda nayo, si yale waliyoyapata kitini. Mimi kitini sikuumwa. Kilichouma ni taya, kwa kuachama saa moja na nusu, na shingo. Jino linavishwa kitambaa cha mpira kilichotobolewa tundu moja, jino peke yake linachomoza kama kichwa cha kobe, na kinywa chote kilichobaki kinafunikwa. Nilipokuwa nimelala pale nikasikia harufu ya Jik. Nilijua naota. Baadaye nikauliza, daktari akacheka: sikuota, dawa ya kuoshea mzizi ni ya jamii moja na ile ya kufulia mashuka, na kazi mojawapo ya kile kitambaa ni kuizuia isikumwagikie kooni.

Jino langu lilikuwa na mifereji miwili, kama kawaida ya meno ya nafasi ile. Vinatumika vifaili vyembamba kama sindano za kutungia shanga, mifereji inapanuliwa kidogo kidogo, na kuna kimashine kinacholia pii, pii, pii, haraka zaidi kadiri kifaili kinavyokaribia ncha ya mzizi, ili daktari asipitilize. Siku ya kwanza walisafisha, wakaweka dawa, wakaziba kwa muda. Wiki iliyofuata wakajaza.

Na hapa niruhusu nitoke njiani kidogo, maana nilipoambiwa wanajaza kwa kitu gani sikuamini. Ni utomvu wa mti. Unaitwa gutapecha, asili yake misitu ya Malaysia na visiwa vya jirani, na karne ya 19 ndio uliokuwa ukifunikia nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari, kwa sababu maji ya chumvi hayauozeshi. Waya uliofika Zanzibar mwaka 1879 ulivishwa utomvu huo. Mimi mtu wa redio, mbeba habari, nimewekewa jinoni kitu kilekile kilichobeba habari chini ya Bahari Hindi. Nilijiona nimepandishwa cheo. Pengine mama hakukosea kuhusu kanali.

Sasa kofia.

Daktari alipomaliza aliniambia, namnukuu kwa sababu nimeyarudia maneno haya kichwani mara nyingi: "Mama, hapa tumefika nusu ya safari. Wiki chache zijazo uje tulivalishe kofia. Usilitafunie kitu kigumu kabla ya hapo." Wengine huiita taji, ni gamba zima la kauri, au chuma kilichofunikwa kauri, linalolivaa jino kote mpaka kwenye ufizi. Bei, 25,000.

Kutibu mzizi kulikuwa kumenigharimu 18,000, na kadi yangu ya bima ya kazini ilikuwa na kikomo cha 20,000 za meno kwa mwaka. Nikasema nitasubiri Januari kadi ijazwe upya. Januari nikapiga simu, nikaambiwa kofia haimo kabisa kwenye bima yangu, wanaihesabu pamoja na mambo ya urembo. Urembo! Na ada ya shule ilikuwa inadaiwa wiki hiyohiyo. Na jino halikuwa likiuma. Huo ndio mtego wenyewe: jino lililotolewa mshipa wa fahamu linaweza lisiume hata likiwa linapasuka, maana ndani halina cha kuumia. Deni lake halikudai, nami nikalisahau, nikaanza kulitafunia tena.

Watu husema jino lililotibiwa mzizi huvunjika kwa sababu limekauka. Nilivyoelezwa na daktari wangu, sababu kubwa ni kwamba halina nyama. Limechimbwa mara ya kwanza kuzibwa, limechimbwa mara ya pili kutafuta mzizi, limebaki na kuta mbili nyembamba zimesimama, moja upande wa shavu na moja upande wa ulimi. Kila unapouma, chakula kinaingia katikati kama kabari kwenye gogo. Umewahi kuona patasi ya seremala, ile pete ya chuma inayovikwa mpini usipasuke akiigonga nyundo? Kofia ni pete hiyo.

Septemba 2022, kibandani, chapati na ndengu. Aliyezichambua ndengu siku ile alikuwa na mawazo yake. Kijiwe kimoja. Nilisikia sauti kabla ya kuhisi chochote, *ta*, kama kijiti cha kiberiti, na nilipopeleka ulimi nikakuta jino limekuwa mawili, na nusu ya ndani inacheza.

Nilipanda zile ngazi za Ngara nikijua. Daktari aliingiza kipimo chembamba kando ya jino, kikazama chote mahali pamoja. Ufa umeshuka ndani ya mzizi. Lingevunjika juu tu lingejengwa upya, likavishwa. Ufa wa mzizini hauunganiki. Hakunisema. Ningependelea anigombeze. Aling'oa vipande viwili kwa dakika kumi, nikang'ata pamba nusu saa, nikakatazwa kusukutua siku hiyo na kunyonya kwa mrija ili donge la damu lisitoke, kesho yake nikaanza maji ya chumvi. Kung'olewa hakuna hadithi. Hadithi ni pengo.

Kwa miezi ya kwanza nilivaa jino la bandia la kutoa na kuvaa, 8,000, jino moja tu lakini limebebwa na sahani ya plastiki ya waridi inayofunika kaakaa. Kwa mtu mwingine pengine si kitu. Kwangu mimi kaakaa ni ofisi. Ulimi ulizoea kugusa mahali, sasa umekuta zulia. Shilingi thelathini na sita ikawa wimbo wa nyoka. Nilikuwa nasoma gazeti kwa sauti jikoni kila usiku, binti yangu akinisahihisha kwa raha zote za dunia. Baada ya wiki tatu hivi ulimi ukakubali, isipokuwa neno "dhidi", ambalo mpaka nililivua sikulipatia.

Nikaulizia kipandikizi. Hicho ni parafujo ya titani inayofungwa ndani ya mfupa, mfupa unaikumbatia kwa miezi mitatu hadi sita, kisha juu yake unafungwa jino. Mswidi Per-Ingvar Brånemark aligundua tabia hiyo ya titani kwa kuchunguza mifupa ya sungura, akamwekea mtu wa kwanza mwaka 1965. Ni kitu cha ajabu, na hakiyagusi meno ya jirani. Bei niliyopewa ilikuwa 130,000. Nikasema asante nikashuka ngazi.

Lililobaki ni daraja: meno matatu yaliyoungana, la katikati linaelea juu ya pengo, ya pembeni ni kofia zinazovalishwa majirani wawili. Jirani wa nyuma alishazibwa zamani, alihitaji kofia kwa vyovyote. Lakini jirani wa mbele alikuwa chonge langu, jino zima ambalo halijaguswa tangu liote, na ili livae kofia lilipaswa kuchongwa pande zote libaki kama kigingi. Nilimwona daktari naye hapendi. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Ile saa ya kulichonga ndiyo pekee iliyonitoa machozi katika mambo haya yote, na haikuwa kwa maumivu. Meno matatu kwa 22,000, jumla 66,000, nililipa kwa mafungu, fungu kubwa likitoka kwenye zamu yangu ya chama, ule mchango wetu wa kupokezana. Kofia ingekuwa 25,000. Fanya hesabu, kijana wa michezo, wewe ndiye mwenye takwimu.

Baada ya kuchongwa, unauma kitu kama udongo laini unaoganda na kubaki na alama ya meno yako, hiyo inapelekwa kwa fundi, na unavishwa daraja la muda la plastiki. Halafu linakuja suala la rangi. Daktari ana mfululizo wa vijino vya mfano, kama funguo za mwenye nyumba ya kupangisha, anavishika kimoja kimoja kando ya meno yako mbele ya dirisha, maana taa hudanganya. Hakuna hata kimoja kilichofanana na Nakuru.

Akanipa njia mbili: kuyang'arisha meno mengine kwanza, kwa kuwa kauri ikishatengenezwa haiwezi kung'arishwa baadaye, au kuweka rangi ya karibu na kuishi nayo. Nikauliza kama kuna ya tatu. Akampigia fundi, na Jumamosi nikaenda mwenyewe mpaka kwake, chumba kidogo katikati ya mji, rafu zimejaa vinywa vya plasta vya watu nisiowajua, vimeandikwa majina kwa penseli. Mzee mmoja mwenye miwani mizito akaniambia, "Cheka, mama." Nikacheka. Akatazama muda mrefu, akachukua brashi ya nywele chache sana. Akasema tangu aanze kazi watu wanamwomba awaondolee doa, hakuna aliyewahi kumwomba aliweke. Alichora michirizi mitatu, akafuta mmoja, akaurudia chini kidogo, akalipeleka tanurini.

Hilo daraja linanidai kazi kila usiku: uzi wa meno haupiti juu kwa kuwa meno yameungana, inabidi uupenyeze chini ya lile linaloelea kwa kisindano cha plastiki, kama kutia uzi kwenye cherehani. Nikikosa siku mbili ufizi unanijulisha.

Kijana wa michezo ameniuliza ataitoa wapi pesa ya kofia. Nimemwambia aulize bima yake leo, si Januari, na ikikataa aende hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Barabara ya Argwings Kodhek, ambako wanafunzi hutibu chini ya macho ya walimu wao. Aende na subira na kitabu, maana kila hatua hukaguliwa. Na asikubali kuvalishwa na fundi wa bango lililobandikwa kwenye nguzo ya stima. Mpaka avishwe, ndengu azichambue mwenyewe.

Pasaka iliyofuata nilikwenda Bondeni. Mama akaniketisha mlangoni penye mwanga, akawasha na tochi ya simu juu yake, akanishika kidevu kama nilivyokuwa na miaka sita. "Haya, nionyeshe hiyo sitini na sita elfu." Nikamwambia atafute. Alichungulia, akageuza kichwa changu huku na huku, akanitia kidole, mwishowe akagonga jino moja kwa ukucha kwa uhakika kabisa.

Lilikuwa la upande wa kulia.